Sinia Chini ya Kobe: Likoni Hadi Bombolulu kwa Siku Tatu

Ninyi wa dawati la nyuma mmeniuliza tangu shule ifunguliwe kwa nini kucha zangu ni nyeusi kama za mchawi. Nimewajibu mmoja mmoja, tena kila mmoja nilimpa uongo wake. Asha nilimwambia nimepata kazi ya kuchimba makaa. Neema nilimwambia nimeposwa na baharia. Mwalimu wa zamu nilimwambia ni wino wa kudurusu, naye akaniamini, maskini. Sasa nawaandikia ukweli mara moja, muupitishe chini ya dawati, na mkimaliza msiniulize tena.

Kutoka Likoni hadi Bombolulu mtu mwenye bahati mbaya hutumia saa mbili. Sisi tulitumia siku tatu kwenda na kurudi, na aliyetuchelewesha ni mimi. Hilo sikulijua mpaka siku ya pili, alasiri, mkono wangu ukiwa umezama hadi kwapani ndani ya gari.

Mlangoni kwetu, Likoni

Kobe ni gari la baba. Ni la zamani kuliko mama, lina mgongo wa duara, rangi ya maziwa yaliyoganda, na gia za mkono ambazo mkono wake ni mrefu kama mwiko wa ugali wa harusi. Baba alikuwa mwendesha winchi bandarini Kipevu. Miaka sita iliyopita akapata kazi ya namna hiyo hiyo Uarabuni, mkataba wa mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka mmoja huo haujaisha mpaka leo. Kila Krismasi una sababu mpya. Hupiga simu Ijumaa.

Kwa miaka mitano Kobe alikaa juu ya mawe ukutani kwetu. Krismasi iliyopita baba akasema ashushwe, Mjomba Kazungu awe anatupeleka naye kanisani. Mjomba ni kaka yake mama, dereva wa tuktuk, ana tumbo linalofika mahali kabla yake. Alimwendesha Kobe Jumapili mbili tu, giaboksi ikaanza kuvuja mafuta. Si tone moja moja la adabu. Kila tukisimama, kidimbwi. Mama akatoa sinia lake la kuokea mkate, akaliweka chini ya gari, na tangu hapo hatujala mkate wa sinia nyumbani kwetu.

"Gari hili ni kama babako," mama alisema siku moja, akinisaidia kujaza mafuta ya gia kwa chupa ya soda. "Unajaza, linakwisha, unajaza."

Mama hushona sare za shule. Akisema jambo zito huwa ana pini mdomoni, kwa hiyo huwezi kujua kama anacheka.

Basi likizo ilipoanza akatokea bwana mmoja wa Mtwapa mwenye hoteli, akampenda Kobe. Si wa kuendesha. Alitaka kumweka bustanini, ang'oe injini, apande maua ndani, wageni wapige picha. Mama akamwambia aje Jumamosi saa kumi.

Nikasema, "Mama, baba akirudi atakuta nini?"

"Atakuta maua."

Hapo mzaha ukanitoka. Mnanijua, mimi hata msibani nimewahi kufukuzwa kwa kucheka. Lakini kichwani mwangu tangu nina miaka kumi kuna hesabu moja tu: mtu aliyeacha gari lake kwake ni mtu atakayerudi. Kobe akienda Mtwapa, baba hana alichoacha ila sisi, na sisi tayari ameshaweza kutuacha.

Nililia. Ndiyo, nililia, chekeni mmalize. Mama akatema pini moja na kusema, "Haya, mavyaa wangu." Huniita hivyo nikimshinda, kwa sababu nimepewa jina la mama yake baba, kama kawaida ya Wagiriama. "Mkilirudisha Jumamosi chini pakavu, tutaongea. Likirudi na tone, linakwenda."

Habari za makaratasi ya gari naziruka. Tuliondoka Alhamisi asubuhi kwenda kwa fundi, Mjomba kwenye usukani, mimi na sinia mapajani, nyuma chupa sita za mafuta ya gia.

Feri

Tulipopanda feri nilishuka mara moja na kusukuma sinia chini ya Kobe, maana mlinzi alikuwa ameshaanza kututazama kama watu walioleta mbuzi msikitini.

"We binti, gari lenu linakojoa."

"Limezeeka, baba. Hata wewe siku moja."

Mjomba akanipiga kofi la kisogoni na kumwomba radhi kwa salamu ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za mgongo. Huku mimi najaza chupa kutoka kwenye sinia. Nyanya mmoja mwenye bakora akasogea, akanusa.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba. Mafuta ya nyonyo hayo?"

"La, nyanya. Ni ya gia."

"Ya gia ndiyo nini?"

"Ni ya vyuma vinavyosagana, visiumane."

Akainua kanga kidogo, akanionyesha goti. "Basi hata hapa kuna vyuma vinasagana. Nitilie."

Nikamwambia yananuka mayai viza. Akasema mumewe wa kwanza alinuka vibaya zaidi na walikaa miaka thelathini. Nikamtilia kiganjani. Akajipaka magoti yote mawili palepale, bila haya, abiria wakitazama. Feri ilipotia nanga alishuka mbele yetu akitembea haraka, bakora kaiweka begani. Sisemi mafuta ya gia ni dawa. Nasema nilichoona.

Changamwe, ubavuni mwa malori

Mjomba alikuwa na rafiki, fundi wa malori anayeitwa Jemo, mtu wa bara, ana karakana ya mabati karibu na barabara ya kwenda Kipevu. Mpango ulikuwa tusimame pale kidogo tu atuambie tatizo, kisha tuendelee Bombolulu kwa fundi wa magari ya zamani. Mjomba lakini anapenda kumaliza mambo karibu.

Jemo alilala chini ya Kobe nusu dakika.

"Buda, hii ni rahisi. Sili ya nyuma imeisha. Nakubadilishia sai sai, mnarudi home."

"Huoni?" Mjomba akaniambia. "Bombolulu ya nini?"

Sili ni pete ya mpira inayobana mhimili unapotoka kwenye giaboksi, mafuta yasipite. Jemo alikuwa nazo kopo zima, za malori. Akaitafuta ndogo kuliko zote, akaitia kwa nyundo ambayo ingetosha kupigilia msumari wa kaburi. Ilichukua hadi magharibi.

Tukisubiri tulikula viazi karai kwa ukwaju chini ya turubai, pamoja na madereva wa malori wanaongoja zamu ya kuingia bandarini. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya gia na viazi pia, na baada ya cha tatu huwezi kutofautisha. Dereva mmoja mrefu, wa kutoka Uganda, hakula. Alikuwa anamzunguka Kobe.

"Dada, naomba kukaa ndani," akaniambia. "Mzee wangu alikuwa na kama hili."

Nikamfungulia. Akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili, akaminya klachi, akatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, injini ikiwa imezimwa. Foleni ya malori ikasogea, wa nyuma wakampigia honi, wakamtukana kwa lugha nne. Yeye anatia gia tu. Nilitaka kumtania, nikashindwa. Mwisho akashuka, akafunga mlango polepole kwa viganja vyote viwili. Ndivyo baba anavyoufunga, na sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Nyuma ya paa la Jemo winchi za Kipevu zinaonekana, zimeinua shingo. Nilipokuwa mdogo baba alinifundisha kuitafuta yake, ya nne kutoka kushoto. Nikaihesabu. Kulikuwa na mtu ndani, kwa sababu ilikuwa inasogea. Nikapunga mkono. Mjomba akauliza nampungia nani, nikasema nzi.

Tulilala kwa shangazi Changamwe. Asubuhi nikachungulia chini ya Kobe. Sinia lilikuwa kavu.

Mjomba akacheza chakacha barabarani.

"Turudi nyumbani!" akasema.

"Mjomba, twende Bombolulu akatazamwe na mwenye kujua. Mama amesema tone moja."

Tukabishana mpaka uji ukapoa. Mwishowe shangazi akasema anayelia kwa ajili ya gari asikizwe, maana si gari analolilia. Mjomba akachukua funguo.

Kongowea, kwa aibu

Daraja la Nyali tulilipanda vizuri hadi katikati. Ghafla injini ikapiga kelele kama imekanyagwa, na Kobe akapunguza mwendo badala ya kuongeza. Mjomba anakanyaga, injini inalia, gari haliendi. Tukateremka upande wa pili kwa kusukumwa na mteremko na matusi ya watu, tukasimama karibu na soko la Kongowea. Nikaweka sinia. Mafuta yalikuwa yanatoka mbele sasa, penye klachi.

"Imezibwa nyuma, imepasukia mbele," Mjomba akasema. "Gari lina shetani."

Wapagazi wa soko wakaacha magunia ya kabichi wakaja kutusukuma, kila mmoja akitoa amri, hakuna anayezitii. Mmoja aliuliza kama ndani kuna maiti, kwa jinsi nilivyokaa kimya. Kisha akapita Charo, dereva wa tuktuk wa Likoni. Huyu na Mjomba hawapatani, sababu ni abiria mmoja wa zamani ambaye baadaye aliolewa na Charo.

"Kazungu! Si ulisema tuktuk ni gari la watoto?"

Mjomba akatazama mbinguni.

Ndivyo tulivyoingia Bombolulu siku ya Ijumaa saa saba mchana: Kobe, gari lililowahi kubeba maharusi mara kumi na moja, nyuma ya tuktuk, kwa kamba ya kufungia ng'ombe, Charo akipiga honi kila kona ili mtu asipitwe. Nilipunga mkono kama bibi harusi. Ningefanya nini?

Bombolulu, chini ya gari

Fundi Mwadime ni Mtaita wa makamo. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni. Alijifunza kuchomelea vyuma kwenye karakana za watu wenye ulemavu hapo Bombolulu, kisha akafungua yake nyuma ya duka la unga. Ana kiti cha magurudumu, na pia ana ubao mpana wenye magurudumu madogo chini. Alijitupa kutoka kwenye kiti hadi kwenye ubao kwa mikono tu, akateleza chini ya Kobe kama droo inayofungwa.

Mjomba, kwa nia njema, akasema, "Pole fundi, si utapata tabu huko?"

Sauti ikatoka chini: "Njoo ulale hapa nami, tuone ni nani ana miguu."

Nikampenda hapohapo.

Akaomba mafuta ya taa, akaiosha giaboksi yote, akaikausha. Kisha akanituma dukani nilete unga wa ngano. Nikadhani ana njaa. Akaupaka kwenye giaboksi kwa brashi, kama mama anavyonyunyiza meza ya chapati, mpaka ikawa nyeupe tupu. Akamwambia Mjomba awashe injini, aiache iungurume robo saa bila kuondoka. Tukangoja tukila mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Fundi alikula amelala kwenye ubao wake, akiangalia juu kama anayetazama nyota.

"Njoo uone," akaniambia.

Nikalala kando yake. Kwenye ule unga mafuta yalikuwa yamechora mistari myeusi: mbele, ubavuni, kwenye kifuniko, hata pale pa sili mpya ya Jemo.

"Unaona nini?"

"Analia kila mahali."

"Gari halivuji kila mahali kwa siku moja. Huyu aliyebadilisha sili hakukosea, ila alifunga mlango mmoja wa nyumba inayosukumwa kutoka ndani. Giaboksi ikipata moto, hewa inatanuka. Juu yake kuna kipumulio, kijitundu tu, cha kutolea pumzi. Kikizibwa, hewa inasukuma mafuta yatoke popote."

Akajaribu kupenyeza mkono juu ya giaboksi. Mikono yake inasukuma magurudumu kutwa, minene kama mapaja yangu. Haukupita. Mjomba akajaribu kutoka ndani ya gari, kupitia tundu la mkono wa gia. Tumbo likakataa. Wote wawili wakanigeukia.

Nikaondoa mfuniko wa ngozi, nikaingiza mkono. Moto, giza, grisi ya miaka. Nikapapasa kama anavyonielekeza kutoka chini: nyuma kidogo, kushoto, hapo. Nikagusa kitu laini. Nta. Na ndani ya nta, kitambaa.

Vidole vilijua kabla yangu.

Siku baba alipoondoka alinichukua tukamzunguka Kobe. Alinionyesha vijitundu vya kutu milangoni. "Mama," akaniambia, maana nina jina la mamake, "chumvi ya bahari inakula chuma. Ukiona tundu, ziba. Nikirudi nimkute Kobe mzima." Alimaanisha milango. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilitaka arudi. Nilichukua mishumaa ya kanisani, nikasema ni ya maombi. Nikachukua vipande vya sare kutoka chini ya cherehani. Siku mbili nilikuwa chini ya gari na juu ya gari. Kila tundu nililoliona, niliziba. Kumi na saba. Niliyahesabu kama mtu anavyohesabu rozari.

"Umekipata?" Fundi akauliza.

"Nimekipata."

"Kuna nini?"

"Uchafu."

Nikavuta. Giaboksi ikapumua usoni mwangu, *fyuuu*, ndefu, ya moto, yenye harufu ya mayai viza. Miaka sita ya pumzi. Mjomba akaruka nyuma akagonga kichwa.

"Ni mshenzi gani alifanya hivi?" akafoka.

Mnanijua. Sijawahi kukosa jibu. Siku hiyo nilifumba kiganja tu. Fundi Mwadime alikuwa ameteleza nje, ananitazama ngumi. Bila shaka aliona ncha ya kitambaa, miraba myekundu na myeupe.

"Aliyeziba hivi hakuwa mshenzi," akasema polepole. "Angalia kazi. Mtu huyu alitaka kisitoke kitu." Kisha akarudi chini.

Gia ya pili

Sili ya mbele ilikuwa imeshasukumwa, kwa hiyo giaboksi ilibidi ishuke. Fundi aliipokea kifuani, akateleza nayo nje akiwa ameikumbatia. Akabadilisha sili, akaosha klachi kwa petroli, akakata gaskit mpya, ile karatasi ya kuziba maungio, kutoka kwenye jalada la kalenda kwa kuigongagonga na nyundo ndogo. Ijumaa yote niliangalia simu ya Mjomba. Baba hakupiga.

Jumamosi asubuhi Fundi aliipaka giaboksi unga upya, tukamjaribu Kobe barabarani, mimi nikiwa nyuma. Alipanda, akashuka, akasimama. Sinia kavu. Unga ukabaki mweupe.

Nikachukua simu nikampigia baba mwenyewe, kwa salio la Mjomba, bila kumwuliza. Ikaita sana. Akapokea, nyuma yake winchi zinalia.

"Mama! Jana nilikuwa zamu mbili. Kuna nini?"

"Sikiliza tu." Nikaisogeza simu kwenye giaboksi. "Mjomba, tia ya pili."

Kobe kwenye gia ya pili ana mvumo wake, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Ukapanda, ukashuka. Niliporudisha simu sikioni nilidhani imekatika.

"Baba?"

"Nipo. Rudia."

Tukarudia mara nne, hadi mwisho wa barabara na kurudi.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Mjomba alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Nikasema tu. "Ilikuwa mimi. Niliziba kipumulio. Ulisema nikiona tundu nizibe."

Akacheka, kicheko kile cha kugonga meza, halafu kikakatika katikati.

"Uliziba mangapi?"

"Kumi na saba. Ili urudi umkute mzima."

Winchi zikalia muda mrefu huko kwao.

"Mama," akasema, "hayo mengine usiyazibue. Niachie niyazibue mwenyewe."

Sikumwuliza lini. Nilitaka, neno likafika kwenye meno. Nikasema, "Abee, baba."

Likoni tena

Tulifika saa kumi kasoro. Bwana wa Mtwapa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti chetu kizuri anakunywa chai yetu. Mama akatoka, kipimo cha kushonea shingoni. Hakutusalimu. Alipiga magoti kwenye mchanga, akachungulia chini ya Kobe, akapitisha kidole kwenye giaboksi nzima. Akakitazama kidole. Unga.

"Kwa nini linanuka chapati?"

Nikamfungulia kiganja. Kile kitambaa kilikuwa cheusi, lakini miraba ilionekana. Yeye ndiye aliyekikata. Anajua kila sare aliyoshona na mwaka wake. Nikamweleza kwa sauti ndogo: mishumaa, vijitundu, kumi na saba. Alikigeuza, akakigeuza tena. Hakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo niliona uso wake wote, na nilitamani nisiuone.

Bwana wa Mtwapa akaja na kikombe. "Naona limetengenezwa. Vizuri zaidi. Tukubaliane?"

Mama akainuka, akapangusa magoti.

"Samahani, baba, nimekusumbua bure. Gari lina mwenyewe."

"Yuko wapi, niongee naye?"

"Hajafika," mama akasema.

Akalitoa sinia kwenye kiti cha nyuma, akaenda kulisugua kwa majivu hadi jua likazama. Mkate alioupika Jumapili ulinuka giaboksi kidogo. Tuliumaliza.

Kuhusu kucha zangu: hazitoki hata kwa ndimu, na nimeacha kujaribu. Na kwenye mlango wa dereva, chini ya kitasa, lile tundu la kwanza kabisa bado limezibwa kwa nta na kipande cha sare. Kila asubuhi nikienda shule nalipitishia kidole. Bado limebana.